Mjukuu wa manamba na fomu ya upekuzi

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yana ukurasa wa masharti ya jumla, na kijana anayetafuta kazi ameusoma mpaka umemkaa kichwani: waombaji wote wawe raia wa Tanzania, umri usizidi miaka 45, waambatishe cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na wakili, na kadhalika. Raia wa aina gani, ukurasa hausemi. Muuguzi, afisa ugavi, fundi sanifu wa maji: raia, basi. Ukifungua tangazo la Jeshi la Polisi au la Uhamiaji unakuta maneno mawili yameongezwa, raia "kwa kuzaliwa". Iko mikoa ambako maneno hayo hayamshtui mtu. Hapa Tanga yanawagusa wengi, na baadhi yao bado hawana habari.

Tunataniwa kwamba Tanga ni ya waja leo waondoka leo. Utani mzuri, ila mkoa huu umejengwa na waja wasioondoka. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulidai mikono mingi kuliko iliyokuwepo. Wabondei na Wazigua walikuwa na mashamba yao, hawakuona kwa nini wakachomwe na miiba ya mtu mwingine kwa ujira ule. Mikono ikatafutwa mbali: Songea, Njombe, Kigoma, kisha nje ya mipaka, Msumbiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, Silabu, na watu wakaanza kuletwa kwa makundi. Hao ndio manamba. Kati ya Muheza na Korogwe, na kuteremka upande wa Pangani, makazi yao yangali yanaitwa kambi, ingawa waliomo sasa ni kizazi cha tatu na cha nne, Kiswahili chao ni cha hapa, timu yao ni Coastal Union, na kwao babu hawajawahi kukanyaga.

Sheria iliwapokea namna gani? Tarehe 9 Desemba 1961 mtu aliyezaliwa Tanganyika aliamka raia moja kwa moja iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Waliobaki walitakiwa wajiandikishe. Sasa mchukue mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 1955, baba na mama wote wametoka Msumbiji. Siku ile bendera inapandishwa hakuwa raia mpaka aandikishwe, naye alikuwa na miaka sita. Babake alikuwa shambani. Sijui nani angemfuata huko na fomu.

Mtoto huyo akakua, akaoa binti wa kambi jirani mwenye historia kama yake, na mwaka 2001 wakapata kijana. Kijana huyu, kwa maneno yenyewe ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ni raia wa kuzaliwa. Kifungu cha 5 kinasema anayezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa mtoto wa mwanadiplomasia wa kigeni na wa adui wa nchi. Hakidai mzazi awe raia. Lakini ukienda kwenye meza zinakotolewa vitambulisho na pasipoti, sheria inayotumika ni nyingine: onyesha mzazi mmoja aliye raia. Mzazi naye aonyeshe wa kwake. Kwa hiyo swali aliloulizwa babu mwaka 1961 bila yeye kulisikia linamfikia mjukuu zaidi ya miaka sitini baadaye, na mjukuu ndiye anayetakiwa kulijibu.

Mtazame akiomba kazi. Anaingia kwenye steshenari yenye kompyuta nne karibu na stendi ya Kange, analipia vyeti viskaniwe, yule dada wa steshenari anamfungulia akaunti ya Ajira Portal kwa sababu yeye simu yake haina bando. Cheti cha kuzaliwa anacho, kilichukuliwa kwa kuchelewa, kama vyeti vya wengi wetu. Namba ya NIDA aliipata baada ya kwenda na kurudi, barua ya mtendaji wa kijiji mkononi, mwenyekiti wa kitongoji kama shahidi. Cheti cha baba hakipo, kuna hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na wakili mjini. Mahali alipozaliwa babu: anaandika "Muheza", kwa sababu ndiko babu alikozikwa na hakuna aliyebaki wa kumsahihisha. Hapo, kwa nia njema kabisa, ameshaweka kwenye jalada lake jambo ambalo siku moja afisa anaweza kuliita udanganyifu.

Anaitwa usaili wa kuandika, anapita. Anaitwa wa ana kwa ana, anatoka akitabasamu. Majina ya walioitwa kazini yanatoka kwenye PDF ndefu, anatafuta lake kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Halimo. Je, alizidiwa alama? Kuna aliyekuwa na mjomba? Au kuna mahali fomu zake zilisomwa na mtu akaweka alama ya kuuliza kwenye jina la ukoo linalosikika kama la Kimakonde cha ng'ambo ya Ruvuma? Hatajua. Hakuna barua inayokuja.

Nataka nieleweke mapema, kwa sababu mada hii ina watu wanaokurupuka. Sina ugomvi na upekuzi. Dola inayomwajiri mtu akae na mafaili ya siri bila kumchunguza ni dola ya mchezo. Tunayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayolinda siri za serikali, tunayo Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996, na sioni aibu wala uonevu katika kumuuliza mwombaji wa kazi nyeti madeni yake, safari zake, jamaa zake walioko nje na pesa inayoingia kwake. Ugomvi wangu uko kwingine. Asili ya mtu hukaguliwa kwenye mlango wa uraia, na mlango huo si mwepesi hata kidogo. Ukishamvusha, ukamwapisha, ukamkabidhi cheti, kinachobaki kuchunguza ni yeye mwenyewe na mwenendo wake. Ukirudi kumpima kwa babu yake unasema cheti ulichompa ulikuwa unatania.

Huo mlango wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba na kupewa, tuutazame. Mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Aukane uraia wa alikotoka. Waziri akikataa halazimiki kutoa sababu, na sheria inasema uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Hata baada ya kupewa, uraia wa tajnisi unaweza kunyang'anywa kwa utovu wa uaminifu kwa nchi au kwa kubainika kuwa ulipatikana kwa hila. Mimi na wewe tuliozaliwa hapa hatuna kitisho hicho juu ya vichwa vyetu. Yaani mwenye tajnisi amechunguzwa kuliko sisi na amefungwa kamba fupi kuliko yetu. Kama ni suala la kuaminiwa kwa ushahidi, faili lake ni nene kuliko la kwangu. Mimi nilichofanya ni kuzaliwa.

Katiba nayo haikuwa na hofu kubwa kama matangazo ya kazi. Ibara ya 39 inamtaka Rais awe raia wa kuzaliwa. Ibara ya 67, ya sifa za mbunge, inataka raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, aliye mwanachama wa chama cha siasa. Neno kuzaliwa halimo. Ibara ya 22 inampa kila raia fursa na haki sawa, kwa masharti ya usawa, ya kushika nafasi ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Ukizisoma kwa pamoja unapata picha ya ajabu kidogo: mwenye tajnisi anaweza kukaa bungeni akapitisha bajeti ya Jeshi la Polisi, na hawezi kuwa konstebo wa kusimamisha bodaboda Barabara ya Kumi na Mbili.

Na si wa tajnisi peke yao. Sheria ina kundi la tatu, raia kwa kurithi, yaani aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania. Serikali ilimpeleka baba Moscow kusomea uhandisi, akaenda na mkewe, mtoto akazaliwa huko, wakarudi naye akiwa ananyonya. Mtoto wa Kisambaa kutoka Lushoto kwa baba na mama, babu na bibi, ila kwa kusoma tangazo neno kwa neno huyo si raia kwa kuzaliwa. Sharti lililokusudiwa kumzuia jasusi limemkuta mtoto wa mtu aliyetumwa na serikali yenyewe.

Tulivyoanza hatukuwa hivi. Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa, walikuwepo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere aliwajia juu, akawaambia serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuupima uraia kwa rangi. Mapema Januari 1964 akatoa waraka wa kusitisha upendeleo wa kirangi katika ajira za serikali: raia ni raia. Vyama vya wafanyakazi vilinung'unika, na siku chache baadaye askari wakaasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai pamoja na mengine maofisa Waingereza waondolewe. Maofisa wale hawakuwa raia, kwa hiyo askari walikuwa na hoja, japo njia yao ilikuwa ya hatari. Lakini tazama waliokuwa wakifanya kazi nyeti miaka hiyo. Mwanasheria Mkuu, Roland Brown, alikuwa Mwingereza, na Nyerere alimtumia katika kuandaa Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Joan Wicken, Mwingereza vilevile, alikuwa msaidizi binafsi wa Mwalimu kwa miongo mitatu. Sina hakika kama iko siri ya Ikulu ya miaka ile ambayo haikupita mezani kwake. Derek Bryceson, aliyezaliwa China kwa wazazi Waingereza, alikuwa waziri. Mama Barbro Johansson, mzaliwa wa Sweden aliyechukua uraia wetu, alikuwa mbunge na mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana Tabora, kisha tukampeleka ubalozini kwetu Stockholm. Hebu fikiria fomu yake ya upekuzi ikipita kwa afisa wa leo: mzaliwa wa Sweden, anaomba kwenda kuiwakilisha Tanzania Sweden. Angekatwa kabla chai haijapoa.

Najua jibu litakalokuja. Nyakati zile hatukuwa na wasomi wetu, sasa tunao, tena wamejaa mitaani. Hilo nalikubali, na nadhani ndilo lililo chini ya mjadala mzima ingawa tunalifunika kwa neno usalama. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Palipo na foleni ya aina hiyo kila sharti jipya ni afueni kwa aliye ndani ya foleni, na anayekatwa hana wa kumtetea, maana wa kumtetea wako nyuma yake wakingoja nafasi yake. Nawaelewa. Ila tuseme hivyo: tunagombea ajira. Tusiseme tunalinda nchi.

Maana ukitaka kujua nchi imeumizwa na nani, majalada yapo. Kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970 ilimweka kizimbani Bibi Titi Mohamed, Michael Kamaliza na wenzao. Haki ya hukumu ile ni mjadala mwingine, ninachosema ni kwamba dola iliyowashitaki haikuwa na haja ya kuuliza walizaliwa wapi. Mwaka 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walikuwa wameshaajiriwa, wameshapandishwa vyeo, wengine wanakaribia kustaafu. Uraia wao haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye kidato cha nne. Upekuzi uliokuwa makini na kabila la babu ulipitwa na kitu rahisi kama namba ya mtihani.

Nje nako hesabu ni hiyo hiyo, na sitaki kudanganya kwa kuchagua upande mmoja. Aldrich Ames wa CIA na Robert Hanssen wa FBI, waliowauzia Warusi siri kwa miaka, ni wazaliwa wa Wisconsin na Chicago. Jerry Chun Shing Lee, afisa wa zamani wa CIA aliyefungwa miaka 19 mwaka 2019 kwa kula njama na Wachina, alizaliwa Hong Kong akachukua uraia wa Marekani. Wapo wa kila namna. Wamarekani wangeweza kumtumia Lee kama sababu ya kufunga mlango kwa wote waliozaliwa nje. Hawakufanya hivyo, na utaratibu wao unafaa kutazamwa, si kwa kuwa Marekani ni mwalimu wetu, bali kwa kuwa watoto wa Tanga wako kule na wengine wao wamejaza fomu hizo.

Kule kazi za serikali kuu kwa kawaida ni za raia, kwa amri aliyoitia saini Rais Ford mwaka 1976. Mwenye kadi ya ukaazi anaweza kuwa askari wa kawaida jeshini, lakini hawi ofisa, na kibali cha kuona siri hapewi. Akishaapa kuwa raia anaingia mlango ule ule na mzaliwa. Henry Kissinger, mzaliwa wa Ujerumani, na Madeleine Albright, mzaliwa wa Prague, waliongoza wizara ya mambo ya nje. Walichonyimwa ni urais na umakamu wa rais tu. Anayetaka kibali cha siri anajaza fomu namba 86, kurasa zaidi ya mia moja, na humo wanauliza kila kitu, ndugu walioko nje, akaunti za nje, pasipoti nyingine. Kisha wanapima kwa vigezo 13 vilivyoandikwa na kuchapishwa ambavyo mwombaji mwenyewe anaweza kuvisoma: utii kwa nchi, ushawishi wa nje, fedha, ulevi, na vingine. Tangu 2017 kuwa na uraia wa nchi mbili, peke yake, hakumkoseshi mtu kibali. Na akinyimwa hupewa sababu kwa maandishi, akajibu, akakata rufaa.

Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1988, katika kesi ya Egan, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kudai kibali cha siri. Nami nakubaliana nayo. Serikali ikiwa na shaka, shaka ishinde. Lakini kutokuwa na haki ya kupewa si sawa na kutokuwa na haki ya kuambiwa, na hapo ndipo sisi tumeteleza. Kijana wa Kange hakuambiwa hata kama alichunguzwa.

Kwa hiyo tunapata kichekesho hiki: mzaliwa wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, aliyekwenda Marekani akachukua uraia wao anaweza, akipita vigezo 13, kukaa na siri za jeshi kubwa kuliko yote duniani, na mjukuu wa manamba aliyebaki Muheza hana hakika na nafasi ya karani. Yule wa Marekani naye, tusimsahau, akirudi hapa si raia tena. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2024 yalileta hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania. Yanamrahisishia kuja, kukaa na kuwekeza. Kazi ya utendaji wa kijiji alikozaliwa asiiote.

Wakenya, jirani zetu wa Horohoro, wana njia ninayoipenda zaidi. Katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kisha ibara ya 78 inasema ofisa wa dola na mwanajeshi hawaruhusiwi kuwa nao. Sharti linafungwa kwenye nafasi, na linadai kitu ambacho mtu anaweza kukifanya: achia pasipoti ya pili, chukua kazi. Sharti la kuzaliwa linadai kitu ambacho mtu hawezi kukifanya hata akilia. Wasijisifu sana hata hivyo. Wamakonde wa Kwale, waliokwenda kwenye mkonge wa upande ule kama wenzao walivyokuja upande huu, walikaa bila vitambulisho mpaka walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba wa pwani ya Kenya walingoja hadi 2023. Ukichora mstari katikati ya Wadigo na Wasegeju, kama walivyochora Wazungu pale Vanga, kila upande utakuwa na watu wa upande mwingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki haikusaidia hapa: itifaki ya soko la pamoja iliyoanza 2010, kwenye uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, imeziweka kando ajira za utumishi wa umma isipokuwa sheria ya nchi ikiruhusu.

Wapo watakaosema haya ya jalada la babu ni ya watu wadogo wa kambini. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi mashuhuri, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa kuwa si raia, pamoja na watu wengine watatu, mmoja wao balozi aliyekuwa akituwakilisha nje. Ilibidi auombe uraia upya. Mtu aliyekabidhiwa wilaya na dola hiyo hiyo! Kama upekuzi wake wa ukuu wa wilaya ulikuwa kitu, uligeukaje kuwa si kitu? Na kama haukuwa kitu, tunautegemea wa nini? Wengi waliona kalamu yake ndiyo iliyomponza, na huo ndio ubaya wa swali la asili lisilo na mwisho: linakaa kabatini, anayetaka kulitoa analitoa siku anayoitaka.

Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, iliamua kesi ya mtu aliyenyang'anywa pasipoti ya Tanzania na kusukumwa hadi Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akaishi kwenye kipande cha ardhi kisicho cha mtu mpakani Sirari. Mahakama ilisema mtu aliyekuwa na nyaraka za serikali zinazomtambua kuwa raia hana mzigo wa kuthibitisha tena; anayedai si raia ndiye athibitishe. Ilisema pia sheria yetu irekebishwe ili mwenye kunyimwa apate mahali pa kulalamikia. Hoja hiyo ya mzigo ingehamishiwa kwenye ajira, kijana wetu angepumua. Ana cheti cha kuzaliwa cha RITA, ana namba ya kitambulisho ya NIDA, kadi ya mpiga kura anayo. Afisa mwenye shaka ndiye afukue.

Mbona tukitaka tunaweza. Januari 2025 Uhamiaji ilitangaza kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, wamepewa uraia. Mjini Tanga vijiweni hapakukalika kwa wiki nzima. Mimi sikuwa na kinyongo nao, wacheze. Nilichoshangaa ni wepesi wa meza za uraia siku hiyo, ukikumbuka watu wa Chogo.

Chogo iko Handeni, na naiweka mwisho kwa kuwa inavunja hoja nzima ya asili kwa mikono yake yenyewe. Waliopo pale ni Wazigua. Karne ya 19 babu zao walichukuliwa kutoka bara ya Tanga, wakauzwa, wakavushwa kwa majahazi hadi Somalia, bonde la mto Juba, wakalima huko vizazi vitano na zaidi wakiitwa kila jina isipokuwa Wasomali. Kizigua hawakukiacha. Vita ya 1991 ilipowasha nchi ile baadhi yao wakapanda vyombo wakarudi pwani hii, serikali ikawapokea kama wakimbizi, ikawaweka Mkuyu, na mwaka 2003 ikawahamishia Chogo, watu kama 3,000. Mzee wa Handeni akiwasikia wakizungumza anaelewa, anacheka kidogo kwa matamshi ya zamani. Baadaye walianza kupewa uraia. Wa aina gani? Tajnisi, kama alivyopewa Mrundi wa Katumba na Mishamo katika lile kundi la watu 162,156, wakimbizi wa 1972 na watoto wao. Sina tatizo na Mrundi wa Mishamo, namtetea kwa hoja hii hii. Ila kama neno kuzaliwa linatafuta mizizi, mzizi wa Mzigua wa Chogo uko hapo hapo alipochimba choo chake. Kilichomtoa ni mnyororo.

Watoto waliozaliwa Chogo sasa wamemaliza kidato cha nne na cha sita. Kwa kifungu cha 5 hao ni raia kwa kuzaliwa, wanaruhusiwa kuomba upolisi. Lakini tangazo likipanda ngazi moja na kuwadai wazazi pia wawe wa kuzaliwa, wamekwisha. Na hata lisipopanda, atakayesoma fomu akakuta "mahali alipozaliwa baba: Jilib, Somalia" anaweza kuwaweka pembeni bila kumwambia mtu.

Ninachodai si kikubwa. Nafasi ambazo ni lazima mtu awe raia kwa kuzaliwa zitajwe kwa sheria iliyopitishwa na Bunge, nafasi kwa nafasi, na sababu yake. Sitapinga iwapo orodha itakuwa na mkuu wa majeshi, mkuu wa usalama na wachache wanaowakaribia. Konstebo, askari magereza, zimamoto na karani wa Uhamiaji wasiwemo, kwao upekuzi wa mtu binafsi unatosha. Kifungu cha 5 kifuatwe kama kilivyoandikwa, au Bunge likibadilishe waziwazi, kuliko kuachia kila dirisha litunge lake. Wajukuu wa kambi za mkonge wafanyiwe zoezi la kuwaandika mara moja, kambini kwao, mwenye shahidi na aje na shahidi, kisha jalada la babu lifungwe. Na anayekatwa kwenye upekuzi apewe barua. Hata ya mistari miwili, isiyotaja siri yoyote: umekatwa kwa upekuzi, si kwa alama, sababu ni fedha, au nyaraka, au mahusiano ya nje, una siku 30 za kujibu. Sekretarieti tayari inawatumia waombaji ujumbe wa simu kuwaita usaili. Namba zao inazo.